Mgeni Rasmi na Maji Yaliyokupwa

Paukwa!

Pakawa!

Kikawa nini?

Kikawa kisa.

Basi sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mwenye njugu mdomoni azitafune kwanza, azimalize.

Hapo zamani za kale, wanyama wakubwa waliandaa mashindano ya mashua za matanga, kutoka bandari yao hadi kisiwa cha mbali, ng'ambo ya bahari kuu. Nyati alikuwa na mashua yake. Chui alikuwa na yake. Simba alikuwa na yake, ndefu kuliko zote. Wenyewe walikaa juu ya mito laini ya pamba. Wa kuvuta kamba walikuwa wanyama wadogo.

Mmoja wa wavuta kamba hao alikuwa nguchiro aitwaye Shebwana, baharia wa Nyati. Safari ilikuwa ya miezi mitatu. Mkewe, Mwanamize, akasema hawezi kumuaga mumewe kwa mbali kama anayeaga wingu. Akatia viazi vitamu mtumbwini, akashika kafi, chubwi, chubwi, akaenda kuzitazama mashua zikiondoka.

Hakufika karibu. Mamba, mlinzi wa mashindano, alimweleza kwamba mitumbwi inaharibu mandhari. Akarudi nyuma. Akaambiwa arudi tena. Akarudi tena, mpaka Shebwana akaonekana kama chawa mlingotini.

Mashua zikajipanga kwenye mstari. Maji yamejaa, upepo mzuri, matanga yanapiga pwa, pwa. Kilichokosekana ni mgeni rasmi, Kiboko. Wakangoja. Jua likapanda. Wakangoja. Kiboko akaja, akapanda jukwaa lililojengwa juu ya maji, akaanza kuwashukuru waliofika. Akawashukuru mmoja mmoja. Kisha akaeleza faida za bahari. Kisha faida za upepo.

Mwanamize alikuwa akitazama nguzo za jukwaa. Maji yalikuwa yameshuka shubiri moja. Akatazama tena. Shubiri tatu. Akamwendea Mamba.

"Shikamoo, bwana mlinzi. Maji yanakupwa. Mashua hizi zina mikuku mirefu inayozama chini sana, na chini yake pana fungu la mchanga. Waacheni mabaharia waondoke."

Mamba akamuuliza kama jina lake limo kwenye ratiba. Halikuwamo.

"Basi maji nayo yangoje," akasema Mamba. "Mgeni rasmi bado anazungumza."

Maji hayakungoja. Kiboko alipofika kwenye faida za chumvi, mashua ya Simba ililia kru juu ya mchanga. Ya Chui, kru. Manahodha walisikia, lakini nani amkatize mgeni rasmi? Wakapiga makofi.

Kiboko alipomaliza, mzinga wa kuanzisha mashindano ukalia, ti! Mashua hazikwenda. Upepo ukajaa matangani, zikalala ubavu moja baada ya nyingine, kama ng'ombe waliochoka. Simba akabiringika na mito yake. Mlingoti wa Nyati ukavunjika, tanga likamfunika Shebwana majini, na kamba ikamzonga shingoni.

Mwanamize hakuomba ruhusa. Mtumbwi hauhitaji maji mengi. Akampita Mamba, akavuka mstari, akajitosa chini ya tanga, akaitafuna ile kamba, nga, nga, nga, hata ikakatika. Akamtoa Shebwana akiwa hapumui. Akamlaza kifudifudi, akamkandamiza mgongoni. Maji yakamtoka. Akakohoa. Hapo ndipo Mwanamize alipolia.

Kule jukwaani, mtangazaji alikuwa Kasuku. Karatasi yake ilikuwa imeandikwa tangu jana, naye akaisoma vile vile ilivyo: mashua zimeng'oa nanga kwa kishindo, Nyati anaongoza, na baharia wake hodari Shebwana yuko tayari bahari kuu. Waalikwa wakashangilia. Kiboko akaipungia mkono bahari tupu.

Shebwana akasikia jina lake, akainua kichwa.

"Mke wangu, kwani mimi niko wapi?"

"Kwa hao uko bahari kuu," akajibu Mwanamize, akimmenyea kiazi. "Kwangu mimi uko hapa. Kula."

Basi jueni, mlio hapa: bahari haina mgeni rasmi, na neno la kweli ni la kusikilizwa hata likitoka mtumbwini.

Hadithi yangu imekwama hapo. Mwenye kafi aisukume.