Mabati Ambayo Mama Hakuyaomba

Wapendwa, mnanijua. Shule niliiachia njiani, lakini nikianza kusimulia, hata wale wanaosinzia pale nyuma hukaa sawa. Leo nawaomba msicheke mapema.

Alikuwako mama mmoja mjane ambaye macho yake yalikuwa yanazimika kidogo kidogo. Daktari hakumficha: matibabu yamechelewa, mwanga uliobaki si wa kudumu. Mama hakulia. Alitaka jambo moja tu, amwone mwanawe, bosi mmoja huko mjini, kabla giza halijafunga.

Lakini amwambieje? Kila akipiga, "Mama, niko kikaoni," simu imekatwa. Basi binti yake akamrekodi video. Mama akajifunga kitenge kipya, akazungumza kwa kituo, akacheka, akajifuta machozi. Video ikawa ndefu, nzito, simu ikagoma kuituma. Binti akaipandisha kwenye huduma moja ya mtandaoni ya kutumiana mafaili makubwa, akampelekea kaka yake linki. Huduma ile ilikuwa na masharti yake: faili linakaa wiki moja tu, na mpokeaji akilifungua, aliyetuma anapata taarifa.

Jioni mwana akapiga mwenyewe!

"Mama, video nimeiona yote. Imenigusa sana."

"Na lile nililokuomba, baba?"

"Hilo nalifanyia kazi, Mama. Ondoa shaka."

Mama akapiga vigelegele. Binti akatazama simu yake, akanong'ona, "Mama, kaka hajafungua. Taarifa haijaja."

"Hiyo mashine yako ndiyo yenye uongo! Mwanangu anidanganye mimi? Na usimpigie kumuuliza, utamvunjia heshima kaka yako."

Tangu hapo kila asubuhi mama aliweka kigoda mlangoni. Gari likipita, anainuka. Mwanzoni aliona rangi ya gari. Baadaye aliona vumbi tu. Mwishowe akawa anasikia mngurumo, basi.

Mwana alikuja Krismasi, na nyuma yake lori limesheheni mabati. Akashuka kwa kishindo. "Shikamoo, Mama! Ulichoomba hiki hapa!"

Mama akanyoosha mikono, akampapasa paji la uso, pua, mashavu. "Marahaba, baba. Umenenepa au umekonda? Hebu niambie mwenyewe."

Mwana akamgeukia dada yake. "Kwani hakuomba mabati?"

"Aliomba akuone, kaka."

Akatoa simu, akaitafuta ile linki, akaibonyeza. *Faili hili halipatikani tena.*

Nawauliza, alikuwa mtoto mbaya huyu? Mabati yalikuwa mazito, ya bei kubwa! Alitoa kwa moyo. Alitoa tu kile alichokisia.

Na sisi je? Si kila Jumapili tunamwambia Mungu, "Neno lako nimelisikia, limenigusa"? Kisha tunamletea mabati yetu: sare mpya za kwaya, michango, viti vya plastiki. Biblia iko kabatini imekaa kimya. Aliomba viti? Umefungua ukaona alichoomba? Labda alitaka upatane na nduguyo. Labda alitaka uso wako tu.

Yule mama alimwamini mwanawe kuliko taarifa. Mungu hahitaji taarifa. Anajua nani amefungua na nani amejibu tu.

Kwa hiyo leo msiniitikie Amina. Nendeni nyumbani mkafungue kwanza.