Mkia wa Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Wewe uliyekaa nyuma sijakusikia. Unafanya nini huko? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Mama Ngiri. Akitembea katika nyasi ndefu, mkia wake husimama dede! Watoto wake ni wafupi, hawaoni njia. Huuona mkia wa mama, wakaufuata hadi mtoni.

Ngiri alikuwa na kupe, na Nguchiro alipenda kupe. Desturi yao ilikuwa hivi: Ngiri akitaka kutolewa kupe, hulala chini, puu! Nguchiro humpanda mwilini, akawala kupe. Asipolala, haguswi.

Siku moja Nyani alipita. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Anayetazama hivyo mnamwonaje? Mimi simwamini. Akanyoosha mkono, akauvuta mkia, kwapu! Akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo Mama Ngiri akaubana mkia. Akawa anatembea na kugeuka, anatembea na kugeuka. Watoto wakakosa cha kufuata. Kitinda mimba akapotea nyasini, akaja kupatikana mlangoni pa Fisi.

Mama Ngiri akaenda kwa Kobe, mwamuzi wa mtoni.

"Mzee Kobe, Nyani amenivuta mkia." Kobe akamwita Nyani.

"Nimemuumiza?" Nyani akaruka. "Damu iko wapi? Kidonda kiko wapi? Mkono uliteleza tu, mzee wangu."

Kobe akautazama ule mkono. Hakuuamini. Akamwita Nguchiro.

"Wewe humgusa Ngiri kila siku. Mbona hakushtaki?"

"Mimi husubiri alale, mzee. Asipolala, nalala mimi na njaa yangu."

Kobe akamgeukia Nyani. "Na wewe mbona hukusubiri?"

"Nisubiri alale?" Nyani akashangaa. "Akilala anaulalia mkia! Ningeuvuta vipi?"

 

"Kumbe mkono haukuteleza," Kobe akasema. "Ulikusudia, ukagusa, na hukuruhusiwa. Damu sikuitafuta. Kuanzia leo, ukipita nyuma ya Ngiri, mikono kichwani."

Nyani akapita, mikono kichwani, wanyama wote wakimtazama. Mkia wa Mama Ngiri ukasimama tena, dede! Watoto wakaufuata. Lakini mpaka leo akitembea hugeuka kutazama nyuma, na mimi simlaumu.

Basi, mwili una mwenyewe. Usiuguse bila ridhaa yake, hata kama hutamuumiza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na wewe wa nyuma, mikono yako iko wapi?