Ngoma Iliyolala kwa Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Ugali wangu si mmekula? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na kisima kimoja na ngoma moja. Kila kiangazi mmoja wao alishika zamu ya kuipiga. Akiipiga mpaka wachezaji wachoke wenyewe, watoto wake walikunywa wa kwanza hadi mvua zinyeshe. Ikimshinda mara tatu, walikunywa wa mwisho. Na wa mwisho, jamani, hupata tope.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya Mama Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, anayeishi maweni. Watoto wake walikuwa wamekauka midomo kwa kiu. Pimbi akawaambia, "Wanangu, maji mtakunywa. Mimi ndiye mama yenu."

Sasa sikieni upumbavu wa wanyama. Ngoma ile ya ngozi ya ng'ombe walimpa nani aitunze? Fisi! Eti kwa kuwa pango lake ni kubwa. Na huyo huyo Fisi ndiye aliyefuata kwa zamu, Pimbi akishindwa.

Siku ya kwanza Pimbi akasimama uwanjani, akaimba:

"Ngoma yangu lia, wanangu wana kiu!"

Wanyama wakaitikia, "Lia, ngoma, lia!"

Akapiga. Bwe! Bwe! Ngozi ilikuwa imelowa chapachapa. Nyani akacheka mpaka akagaagaa chini.

"Pole, dada," akasema Fisi. "Umande huo."

Umande gani! Alikuwa ameilamba usiku kucha.

Siku ya pili akaimba tena, wakaitikia tena. Akapiga. Fyuu! Ngozi ilikuwa na tundu.

"Pole, dada. Panya hao, siku hizi wamezidi."

Mzee Tembo, mkubwa wa uwanja, akasema, "Mama Pimbi, imebaki mara moja."

Pimbi akalia. Alilia kweli, mbele ya watu wote. Kisha akafuta machozi, akainusa ile ngoma. Ilinuka mate.

"Mzee Tembo," akasema, "nipe ngoma niizibe kiraka. Kesho nitaikausha kwa moto hapa hapa uwanjani. Na Bwana Fisi akae mbele kabisa, si ndiye mtunzaji?"

Siku ya tatu moto ukawashwa. Ngozi ikapata joto, harufu yake ikapanda. Fisi akameza mate. Akatazama juu. Akaziba pua. Pimbi akaimba, akapiga. Pa! Pa! Ngoma ikalia vizuri, na kila pigo lilimpelekea Fisi harufu.

Uvumilivu ukamwishia. Fisi akaruka, akairarua ngozi yote, akaanza kutafuna mbele ya Tembo!

Fisi, kipande kikining'inia mdomoni, akasema, "Panya hao…"

"Mwone, hana haya!" wakapiga kelele.

Lakini Tembo akatikisa kichwa. "Mama Pimbi, ngoma ndiyo imekufa hiyo."

"Haijafa, Mzee! Ngozi imeliwa, mti upo!"

Akaulaza ule mti wa ngoma, akaokota vijiti viwili. Ko! Ko! Ko! Akaimba. Hakuna aliyeitikia. Akapiga. Nyani akaguna kwa dharau. Akapiga tu. Watoto wake wakaitikia kwa sauti za kukwaruza, "Lia, ngoma, lia!" Kanga akatingisha bega. Nyani naye miguu ikamsaliti, akaingia kucheza. Vumbi likatimka, jua likapanda, na Pimbi hakuweka vijiti chini mpaka Tembo mwenyewe alipoketi akihema.

"Nimechoka!" akasema Tembo. "Wapelekeni watoto wa Pimbi kisimani."

Wakanywa wa kwanza, wakanywa mpaka matumbo yakawa magumu. Fisi alikunywa tope kiangazi chote.

Basi wanangu, anayekitamani kitu chako usimpe akutunzie. Na kazi ikikuharibikia mbele za watu, usikimbie. Shika kilichobaki, uendelee.

Nimemaliza. Ikiwapendeza ni yenu. Ikiwachukiza, nirudishieni nilale nayo.