Mkono wa Nyuma

Leo twende milimani, ndugu zangu, na mwenye sweta alivae, maana huko ukungu hauondoki mpaka jua liwe juu. Kuna nyumba ya masista, uwanja mpana wa majani, na farasi wachache wazee waliostaafu mashindano. Wasichana walioumizwa na dunia hupelekwa pale. Hawahubiriwi. Kila mmoja hupewa farasi wa kumtunza, na siku zinapita polepole, kama mtu aliye nusu usingizini.

Binti mmoja alifikishwa huko akiwa hajasema na mtu tangu Kwaresima. Alikuwa na siri. Siri gani? Hiyo sitaitaja, na mbele mtajua kwa nini. Mama yake alimwona anakonda, akampikia chai ya tangawizi, akamlaza kichwa mapajani. “Niambie mimi tu, mwanangu. Haitatoka humu ndani.” Binti akamwaga moyo wote. Wiki ile ile, kwenye sala ya jumuiya ya mtaani, zamu ya maombi ilipofika, mama akasimama na machozi yake ya kweli kabisa: “Nisaidieni kumwombea binti yangu, yamempata haya na haya.” Jumapili kanisani, kila aliyempa binti mkono wa amani alimpa na jicho la huruma juu yake. Basi akafunga mdomo.

Kule milimani alipewa farasi jike wa rangi ya majivu. Kila asubuhi amvishe kamba shingoni, amlete bandani, ampige brashi. Binti akaingia uwanjani jinsi alivyozoea kukamata mbuzi wa kwao: karoti mkono wa mbele, kamba mkono wa nyuma. Farasi akatokea ukunguni taratibu, masikio kwanza, kisha macho makubwa yenye unyevu. Akanusa hewa. Akalitazama lile bega lililopinda kuficha kitu, akageuka, na ukungu ukamfunika kana kwamba hakuwahi kuwapo.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa pia. Mwishowe binti alitupa karoti chini, akalia kwa hasira. “Mjinga wewe! Nakupa chakula, unanikimbia?”

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza, na aliyeambiwa ni farasi.

Sista mmoja aliyevaa gambuti alikuwa anatengeneza uzio karibu. “Hata mimi ningekukimbia,” alisema.

“Kwa nini?” Binti alijisahau akauliza.

“Mkono wako wa nyuma una nini?”

Binti akaitoa ile kamba, akaitazama kwa muda mrefu. Unadhani alikuwa anamfikiria farasi?

Asubuhi iliyofuata aliketi kwenye majani yenye umande, kamba ameilaza wazi juu ya viganja vyote viwili. Hakuita. Ukungu ulikuwa mzito hata hakujua kama yuko macho au anaota. Kisha akasikia pumzi. Farasi alinusa kamba kutoka ncha hadi ncha, akamnusa na yeye nywele, halafu, bila kuvutwa, akainamisha shingo. Joto lake lilikuwa kama la jiko lililozimwa sasa hivi. Binti alilaza shavu pale, akasema yote tangu mwanzo. Na farasi, ndugu zangu, hana jumuiya.

Siku ya wageni mama alikuja na chapati alizozifunga kwenye kitambaa. Alikuwa amekonda na yeye. Alimkuta binti uzioni. “Nimekukumbuka, mwanangu. Niambie basi, umefikia wapi? Mimi si mamako?”

Binti aliitazama mikono ya mama. “Mama, mkono wako wa nyuma una nini?”

Mama akashangaa, akaonyesha viganja. “Sina kitu, jamani!”

 Binti aligeuka, akaanza kurudi uwanjani, na ukungu ukaanza kumfunika miguu. Mama akaona kabisa anampoteza mara ya pili.

“Ngoja!” alisema. “Wenzangu wa jumuiya wako getini, kwenye gari. Wamenituma nikusikilize kwanza, nikawaeleze, ndipo tukuombee.”

Binti akasimama. “Sasa nimeiona kamba, mama,” alisema. Lakini hakurudi.

Mama akatembea hadi getini. Sauti ya gari ikasikika ikishuka mlima, ikafifia. Aliporudi, aliketi kwenye majani mabichi na gauni lake la Jumapili, viganja wazi magotini, asiulize kitu. Akangoja. Ukungu ulikuwa kimya. Kisha, taratibu sana, akasikia hatua.

Mnafurahi, naona. Mnawaza, mama amejirekebisha, Mungu asifiwe. Lakini niulizeni jambo moja: ndani ya gari lile walikuwamo kina nani? Usimtazame jirani yako. Gari lile ni letu sisi. Sisi ndio tunaowatuma akina mama na karoti. Tunasema “tumwombee fulani,” kumbe tunataka tu kujua kisa cha fulani. Watoto wetu wametukimbia, nasi tunawaita wakaidi, huku kamba ikining’inia nyuma ya migongo yetu ya sala.

Sasa ni wakati wa maombi. Mwenye ombi lake na asimame. Na wewe uliyekuja leo na siri ya mtu mwingine, kaa tu chini.