Kitu Ambacho Hakikuandikwa Kwenye Orodha

Nimetumiwa simulizi hii na mtu ambaye naye alitumiwa. Isome mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzako, hasa kama mna miaka mingi ndani ya nyumba moja.

Huko milimani aliishi mzee mmoja, jina lake Ambakisye. Yeye na mkewe, Bibi Tusekile, walikuwa na miaka arobaini na saba ya ndoa. Siku moja mkewe akafunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda baraza la usuluhishi la kata na kusema anataka waachane, kila mtu achukue chake.

Mzee Ambakisye hakuelewa. Hakuwa mlevi, hakuwa na mwanamke wa nje, wala hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Aliuliza kosa lake mpaka akachoka kuuliza. Bibi alimjibu kwamba atalijua hukohuko barazani.

Siku ya shauri ukumbi ulijaa. Tusidanganyane, wengi walifuata umbea. Wazee wa umri ule hawaachani kila siku.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mwenye sauti ya upole, lakini si wa kuchezewa. Aliipokea orodha ya mali, akaisoma kimyakimya, kisha akaweka sharti moja.

"Kila kitu kitakwenda kwa yule atakayeeleza kilivyopatikana bila kumtaja mwenzake. Ukimtaja, au ukisema 'sisi', kinabaki bila mwenyewe."

Mzee akaona kazi imekuwa rahisi. Akaanza na nyumba. Alisema tofali zote alizifyatua kwa mikono yake, kiangazi kizima. Mwenyekiti akauliza maji ya kukandia udongo yalitoka wapi. Nyumba ikabaki bila mwenyewe. Maji yalitoka mtoni, bondeni kabisa, na aliyepanda nayo kichwani, tena akiwa na mimba, alikuwa ameketi benchi la upande wa pili.

Bibi naye akadai ng'ombe. Alimlea tangu akiwa ndama aliyefiwa na mama, kwa maziwa ya kuomba kwa majirani. Alieleza vizuri mpaka alipofika siku ile ndama alipotumbukia korongoni. Aliyeshuka kumtoa hakuwa yeye. Akatazama vidole vyake.

Redio mzee aliileta mwenyewe kutoka mjini, lakini aliileta kwa sababu mkewe alikuwa amevunjika mguu na kulala miezi mitatu kulikuwa kunammaliza kwa upweke. Jembe, kinu, shamba la migomba, vyote vikashindikana. Kilipotajwa kitanda hakuna aliyethubutu hata kuanza, na ukumbi mzima ukacheka. Bibi mwenyewe alificha mdomo kwa upande wa kitenge.

Mzee Ambakisye akaanza kufurahi. Alijiambia kesi imekwisha, leo anarudi nyumbani na mtu wake. Akauliza kama sasa wanaweza kwenda.

Mwenyekiti akamgeukia mkewe. "Kuna kingine, Bibi?"

"Kipo kimoja, hakikuandikwa kwenye orodha. Kuna kaburi dogo nyuma ya migomba."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Binti aliitwa Lugano. Alishikwa na surua wakati wa mvua. Bibi alimbeba mgongoni hadi zahanati, mwendo wa kutwa, akaambiwa amechelewa. Walipokuwa wanarudi mtoto akakata roho palepale mgongoni, naye akaendelea kutembea, maana angemtua wapi? Alimwosha mwenyewe. Alimvisha mwenyewe. Majirani wakachimba, yeye akamlaza.

Mzee alisikiliza akisubiri mahali atakapotajwa. Hakutajwa.

Wakati huo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, mbali sana, kwa mkataba wa miaka miwili. Barua ilimfikia miezi miwili baada ya maziko. Aliporudi alikuta kaburi limeota majani. Aliogopa kuuliza. Akapanda juu ya paa akaanza kuziba panapovuja, na tangu siku hiyo jina la mtoto halikutoka kinywani mwake.

"Mwezi uliopita katekista alimuuliza ana watoto wangapi," Bibi akasema. "Akajibu watano. Mimi nimezaa sita."

Hata wale wa umbea waliangalia chini.

"Kwa sharti letu, hicho ni chako peke yako," mwenyekiti akasema.

Mzee akasimama. "Mama mwenyekiti, vingine vyote apewe yeye. Hicho naomba na mimi nipate sehemu yangu."

"Utakipataje, mzee wangu, na huwezi kukieleza?"

Alivuka ukumbi, akakaa kwenye benchi la mkewe. Alikuwa analia na hakujali nani anamwona. Alipoondoka kwenda mkonge mtoto alikuwa bado anatambaa.

"Mama Gwamaka," akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "alikuwa ameshaanza kutembea?"

Bibi Tusekile alimtazama. Swali hilo alilisubiri zaidi ya miaka arobaini, na alikuwa amekata tamaa.

"Alikuwa anakimbia," akasema. "Anakimbiza kuku uwanja mzima, humkamati."

Mwenyekiti akafunga daftari bila kuandika neno, akawaashiria watu watoke. Wale wawili wakabaki kwenye benchi, mmoja akisimulia, mwenzake akiuliza.

Funzo: Ndoa haivunjwi na mizigo mliyoibeba wawili, inavunjwa na ule ambao mmoja aliachiwa aubebe peke yake. Kabla hamjafika kugawana vyombo, muulize mwenzako alibeba nini siku ambazo hukuwepo, kisha ukae umsikilize.