Mbayuwayu na Njia ya Ng'ambo

Hadithi ipo mlangoni!
Ifungulieni, iingie.

Hapo kale Mbayuwayu na ndugu zake walisafirisha abiria kwa kikapu. Walishika kamba, wakapiga mabawa, pururu, pururu, wakawatoa wanyama wadogo bondeni na kuwapeleka mlimani. Kikapu kilikuwa kidogo, lakini kilifika. Basi abiria wakaanza kumwomba afungue na njia ya ng'ambo ya ziwa, kwenye nchi ya pili. Si mbali, ukisimama ufukweni unaona moshi wa majiko yao.

Shida ilikuwa Tai. Njia ile aliishika peke yake. Ukitaka kuvuka, alikula nusu ya mzigo wako kabla ya kuruka. Ukinung'unika, alikuachia katikati ya ziwa. Chubwi. Waliofika ni wale wasionung'unika, kwa hiyo Tai alisema abiria wake wote wanaridhika.

Siku moja Bi Panya akaja kwa Mbayuwayu, analia. Binti yake aliyeolewa ng'ambo amejifungua, na hana wa kumpikia uji. Jana alikwenda kwa Tai. Tai akala nusu ya mtama wake, akasema upepo mbaya, arudi kesho waanze upya.

Mbayuwayu aliona uchungu. Tena aliogopa, maana Tai angeweza kummeza bila kutafuna. Lakini akaenda, akamkuta mbele ya wanyama waliokuwa wakingoja safari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Nataka kujua mpaka, nisije nikakukosea adabu. Anga lako linaanzia wapi? Wengine wanasema linaanzia chini kabisa, pale wanapopumulia vyura."

Wanyama wote wakamtazama Tai. Tai akaona haya.

"Anga langu linaanzia juu ya ncha za matete," akasema. "Chini ya hapo si anga. Ni matope yenye upepo."

Mbayuwayu akawauliza wanyama kama wamesikia. Wakasema wamesikia.

Asubuhi yake kikapu kikaondoka na Bi Panya ndani. Pururu, pururu, chini kabisa, mkia wa Bi Panya ukichora maji. Tai alipoona hivyo akapandwa na hasira, akajitupa kutoka juu. Vuuu! Mbayuwayu na ndugu zake wakakwepa. Tai akapita, akaingia ziwani.

Mabawa yakalowa, yakawa mazito. Akaomba avutwe.

"Tutakuvuta, mzee," akasema Mbayuwayu. "Lakini useme kwanza njia hii ni ya nani."

Tai akayatazama maji. Yalikuwa mengi.

"Ni yenu," akasema.

Wakamteremshia kamba, wakamkokota taratibu hadi ng'ambo. Akakaa juani akijianika. Bi Panya akaenda kumpikia binti yake uji, na tangu siku hiyo kikapu huvuka asubuhi na jioni.

Basi, wanangu, ukimuuliza Tai, atakuambia funzo ni hili: wakubwa waheshimiwe, na mtu mdogo asiulize maswali.

Ngano yangu imetua.
Washukao washuke.