Kwa Nini Ndovu Humkimbia Nyuki

Enzi hizo, enyi wajukuu, hakuna aliyekuwa na ua wa shamba, na ndovu alikuwa jirani kama jirani mwingine. Kiangazi kikikaza, yeye ndiye aliyechimba mchanga wa mto kwa miguu na mkonga hadi maji yatoke, kisha akasogea kando wanawake wachote kwanza. Watu nao walimwachia njia pana ya kwenda mtoni, na hakuna aliyethubutu kuilima.

Aliyeilima ni mama mmoja, Mghoi. Hakuwa mtu mbaya, msimseme; alikuwa na watoto wengi na shamba lake lilikuwa limechoka. Njia ilipita pembeni mwake, nyeusi kwa kinyesi cha ndovu cha miaka na miaka, na udongo ule ulimtoa udenda. Akapanda mahindi mistari michache tu. Mama ndovu, kiongozi wa kundi, akapita kando bila kuvunja hata bua. Mghoi akaona kumbe hakuna neno. Msimu uliofuata akaongeza, na majirani, kuona mahindi yake yalivyonenepa, nao wakajimegea. Njia ikafa.

Kiangazi kikaingia. Mama ndovu akaja na mtoto aliyezaliwa juzi tu, ulimi umemkauka, akakuta mahindi yameziba kote. Akasimama. Hakutaka kuharibu, ila mtoto alikuwa hoi, akatia mguu mmoja ndani.

"We! Chakula cha wanangu hicho!" Mghoi alipiga kelele. "Zunguka, mwenzangu, zunguka!"

Azungukie wapi? Mghoi, kwa hofu ya kulala njaa, akaikata kamba ya mzinga wa mumewe uliokuwa ukining'inia mgungani. Alitaka kishindo tu cha kuwatisha. Nyuki wakatoka kwa hasira, wakaiacha ngozi ngumu ya mama, wakamvamia mtoto machoni na ndani ya mkonga, maana huko ni laini. Mama akamkinga kwa mwili wake wote, wapi! Mtoto akaanguka palepale, na mto unaonekana.

Mama ndovu angeweza kuiangusha nyumba ya Mghoi kwa pigo moja. Hakuigusa. Alimfunika mwanawe kwa matawi, taratibu, na Mghoi akamsogelea akilia, "Nisamehe, mama mwenzangu." Ndovu akaondoka bila kumtazama. Hadi uzeeni Mghoi alikuwa akisema heri angevunjiwa nyumba, na mimi namwamini.

Na tangu siku hiyo, ndovu akisikia mvumo wa nyuki hukusanya watoto wake akakimbia. Ndiyo maana tunatundika mizinga kuzunguka mashamba, na kweli tunalala salama, sisi na wao. Lakini kiangazi kikija, ndovu huenda kuchimba maji mbali, na wakisikia tunakaribia na ndoo zetu, huyafukia.